Mume wangu aliacha uwakili akawa mchungaji, sasa sebule yetu imegeuka ofisi ya sheria

Shikamoo mama,

Naomba usinitaje jina wala kutaja usharika wetu maana huku tunajuana wote. Mimi ni mke wa mchungaji, tupo Nyanda za Juu Kusini, tuna watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili. Mume wangu nilimkuta tayari ni wakili, alikuwa na ofisi mjini na mwenzake, kesi za ardhi na za mikopo ya benki ndo zilikuwa zake, hatukuwa matajiri ila ada za watoto zilikuwa zinalipwa kwa wakati na mama mkwe alikuwa anatumiwa hela kila mwisho wa mwezi bila hata kukumbusha. Halafu akasema ameitwa. Wala sikushtuka sana kwa sababu hata tukiwa wachumba alikuwa mtu wa maombi na vijana wa kanisani walikuwa wanamfuata yeye. Akaenda chuo cha theolojia nikabaki na duka na watoto, akamaliza, akabarikiwa, tukapangiwa huku. Hapo kote sina neno mama, nilikubali kwa moyo wangu.

Shida ni kwamba watu hawajaacha kumuona kama wakili na yeye mwenyewe hajaacha. Saa kumi na mbili asubuhi unafungua mlango unakuta mtu kakaa kwenye benchi na bahasha ya kaki, huyu ana samansi, huyu ana hukumu ya baraza la kata, huyu ana mkataba wa kuuziana shamba ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari. Wengine sio hata wa kanisa letu, wanakuja Waislamu, wanakuja wa madhehebu mengine, na mume wangu hawezi kumwambia mtu rudi. Anasoma, anaandika, anagonga muhuri wake wa zamani, akimaliza anampa nauli. Leseni yake ya uwakili sina hakika kama imelipiwa mwaka huu, nikimuuliza anasema ntalipia, na hela yenyewe haipo. Na hayo mambo wanayaongelea sebuleni mimi niko jikoni nasikia kila kitu, nikikutana na mtu sokoni najua shida za ndoa yake na deni lake, naona aibu kumuangalia usoni.

Mama mkwe ndo usiseme. Kila akipiga simu ananiambia mimi, sio mwanae, kwamba njia mbili zilimshinda fisi, na kwamba waliuza ng'ombe mtoto asome sheria halafu leo anaishi kwa posho ya kanisa.

Sasa limekuja hili lililonifanya nikuandikie. Kuna mama mmoja wa kwaya alifiwa na mume wake, ameachiwa watoto, nyumba, vyumba vya kupangisha na shamba la parachichi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ni mzee wa kanisa hapa hapa na ndiye mweka hazina. Huyo shemeji ndo alianza kuja kwa mume wangu, walisali kwanza, halafu akatoa muhtasari wa kikao cha ukoo uliomteua yeye awe msimamizi wa mirathi, akauliza apeleke mahakama gani, mume wangu akamwelekeza. Baada ya muda mjane naye akaja analia, anasema hicho kikao hakukijua na sahihi iliyopo pale sio yake. Mume wangu akaingiwa na huruma akamwandikia pingamizi. Basi mama, moto umewaka. Mzee wa kanisa anasema mchungaji amechukua siri zake akampa adui yake, wazee wamegawanyika, kuna watu wamesitisha ahadi zao, na mume wangu ameitwa kwa askofu mwezi ujao. Na wakati huo huo, baraza hilo hilo la wazee linataka awasimamie kesi ya kiwanja cha kanisa na jirani, wanasema tuna wakili wetu wa bure.

Je nimwambie aachane kabisa na mambo ya sheria? Au arudi ofisini kwake mjini tuachane na uchungaji? Na huyu mjane ameniomba nimsindikize mahakamani, niende au nikae mbali? Sijalala vizuri mama, nisaidie.

Mimi mwanao,
Mama Mchungaji


MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma nikarudia, na kabla sijaenda mbali nikwambie kwamba mume wako ni mtu mwema na kazi anayoifanya pale kwenye benchi inahitajika kuliko anavyojua mwenyewe. Vijijini kwetu mtu anaweza kupoteza shamba la babu yake kwa sababu tu hakujua siku ya kukata rufaa. Kwa hiyo simwambii aache sheria na simwambii aache madhabahu. Ninachosema ni kimoja, na nataka umsomee: mchungaji anaweza kuufundisha usharika wote sheria, ila hawezi kuwa wakili wa kondoo mmoja dhidi ya mwenzake. Hapo ndo alipoteleza na mengine yote uliyoandika yanatokea hapo.

Nianze na leseni maana hiyo haisubiri askofu. Kwa Sheria ya Mawakili, sura ya 341, jina la mtu kuwa kwenye daftari la mawakili ni jambo moja na kuwa na leseni hai ya mwaka huo ni jambo lingine, na kufanya kazi ya uwakili bila hiyo leseni ni kosa. Siku hizi wala haifichiki, mtu yeyote anaingia kwenye mfumo wa mahakama wa e-Wakili anatafuta jina anaona hali yake. Huyo mzee wa kanisa mwenye hasira akifanya hivyo kesho, mume wako ataingia kwenye shida mbili kwa mpigo, ya kanisani na ya kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili. Na mbaya zaidi ni wale masikini aliowagongea muhuri, kiapo kilichoshuhudiwa na mtu asiye na leseni hai kinaweza kuwekewa pingamizi mahakamani na mtu akapoteza haki yake kwa kosa ambalo sio lake. Kwa hiyo leo hii, sio wiki ijayo, muhuri ufungiwe kabatini mpaka leseni ijulikane imekaaje. Kama kuna watu ameshawasainia wakati leseni imelala, awatafute mmoja mmoja awaambie wakafanye upya kwa wakili mwingine, ni aibu ya siku moja lakini inamwokoa mtu.

Sasa hili la mjane. Mwanangu, yule shemeji inawezekana kabisa anadhulumu, na kama sahihi imeghushiwa hiyo ni jinai wala sio ugomvi wa familia. Ila kwenye lawama yake kwa mchungaji ana hoja, lazima tuseme ukweli. Alikuja, wakasali, akafungua makaratasi yake akiamini anaongea na mchungaji wake, akapewa maelekezo ya kisheria, halafu mtu yule yule aliyempa maelekezo akaandika karatasi ya kumpinga. Hata kwa mawakili wasio na kanisa hilo halikubaliki, huwezi kupokea siri za upande mmoja ukahamia upande wa pili. Halafu kuna kitu naona hamjakiwaza: mume wako ameuona ule muhtasari kwa macho yake, tena kabla mjane hajajua kama upo. Maana yake anaweza kuitwa shahidi. Na mtu hawezi kuwa wakili na shahidi kwenye shauri moja. Kwa hiyo ajitoe, awaambie wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake na kwa maneno yale yale, kwamba kwenye mirathi hii yeye sio wakili wa yeyote. Na mume wako amwombe radhi shemeji, sio kwa sababu shemeji ni msafi, ila kwa sababu shemeji alimwamini.

Kujitoa lakini kusiwe kumtupa mjane. Wapo wa kumpeleka. TAWLA, chama cha wanawake wanasheria, wanasaidia wajane kwa miaka mingi, WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, wapo, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wapo, na kuna ile Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 ambayo imekuwa ikipita mikoani, ofisi ya ustawi wa jamii wilayani inajua nani yuko karibu yenu. Mume wako apige simu moja kwa mwanasheria anayemuamini, amkabidhi mjane, aishie hapo. Asichukue hata shilingi kwa kumpeleka mtu kwa wakili, na asiwe anauliza uliza kesi imefika wapi.

Na mjane mwenyewe ajue ugomvi wake hasa uko wapi, maana wengi wanalia kuhusu sahihi wakati mtego uko kwingine. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu. Ukoo ukiwahi pale, maana yake wanasema marehemu aliishi kimila, na zile kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu kwenye mirathi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, eti atatunzwa na watoto wake. Nakwambia kanuni hiyo bado inaumiza watu. Wajane wawili wa Kitanzania waliipeleka Mahakama Kuu, mwaka 2006 mahakama ikakubali kuwa ni ya kibaguzi ila ikakataa kuifuta, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya kiutaratibu, wakaenda mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema nchi yetu imevunja haki zao. Ushindi wa nje wameupata, lakini mjane wa leo bado anapaswa kupigania hapa hapa. Na cha kupigania ni kuonyesha kwamba marehemu hakuishi kimila, aliishi Kikristo, kwa sababu mahakama inaangalia mtu aliishije. Ikikubali hivyo inayotumika ni ile sheria ya zamani ya urithi iliyotoka India, ya 1865, ambayo inampa mjane mwenye watoto theluthi moja na theluthi mbili zinaenda kwa watoto. Unaona tofauti ilivyo kubwa.

Hapo sasa ndo mume wako anaingia kwa mlango wake halali! Nani ana rejista ya ndoa yao? Nani ana rejista ya ubatizo wa watoto, nani anajua marehemu alikuwa mshiriki tangu lini, alikuwa anakaa kiti gani, alizikwaje? Ni usharika. Mchungaji anatoa nakala za rejista kwa mjane na akiombwa na shemeji anampa na yeye hizo hizo, akiitwa mahakamani anasema anachokijua, basi. Hiyo ni kazi ya mchungaji na hakuna mtu atakayesema amependelea, atakuwa amesema kweli tu. Mimi naona kwenye hiyo rejista kuna msaada mkubwa kuliko pingamizi lolote ambalo angeliandika usiku akiwa na huruma.

Kuhusu kiwanja cha kanisa nipite haraka. Baraza la wazee la usharika sio mwenye kesi, mwenye mali na mwenye kushtaki au kushtakiwa ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na bodi ndiyo inaweka wakili. Mchungaji wa pale ndo atakuwa shahidi wa kwanza maana anaishi kwenye hicho kiwanja. Awajibu wazee kwa upole na kwa maandishi, nakala kwa askofu. Hilo neno la wakili wa bure silipendi hata kidogo, watu wanaotaka kazi ya bure kwa mtu wasiomuongezea posho wanapaswa kuulizwa, tena mbele ya kikao.

Sasa nyumba yako. Benchi lihame. Ofisi ya usharika ipo, hata kama ni chumba cha kuhifadhia vitabu vya nyimbo, iwekwe siku mbili za wiki na saa zinazojulikana, zitangazwe Jumapili kwenye matangazo, na mtu akija alfajiri wewe unampa chai na unamwambia siku. Ikitokea ya dharura, mtu anafukuzwa kwenye nyumba leo, hiyo inajulikana tu. Unachosikia jikoni sio kosa lako lakini ni hatari kwako, siri ya mtu na mwanasheria wake inalindwa na Sheria ya Ushahidi na wewe humo haumo. Na kila mtu akikaa kwenye kiti, neno la kwanza la mume wako liwe hili: leo unaongea na mchungaji, nitakuombea na nitakueleza sheria inasemaje kwa ujumla, kesi yako itabebwa na mtu mwingine. Aseme hivyo hata kwa mtu anayemjua, hasa kwa mtu anayemjua.

Halafu apunguze foleni kwa kufundisha. Umeniandikia habari ya watu wanaokuja na hukumu ya baraza la kata, hebu aangalie tarehe, kwa sababu tangu mabadiliko ya 2021 mabaraza ya kata kwenye ardhi yanasuluhisha tu, hayana tena nguvu ya kuamua nani mshindi, ikishindikana mtu anaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nina uhakika kuna watu wameshahama mashamba yao kwa sababu ya karatasi ambayo haikuwa na nguvu hiyo. Somo la nusu saa baada ya ibada lingeokoa wangapi? Afanye semina ya wanandoa kuhusu wosia, waume waandike wakiwa wazima, RITA wanahifadhi wosia. Afundishe kuweka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa pamoja, na kutokuuziana shamba bila uongozi wa kijiji. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliopata mafunzo wakasajiliwa, hawasimami mahakamani kumtetea mtu lakini wanaelekeza, wanasuluhisha, wanamwonyesha mtu ofisi ya kwenda. Usharika utoe watu wawili watatu, akina mama wawemo, wa dini nyingine wakaribishwe pia kwa kuwa benchi lenu lilishawapokea. Mwaka mmoja tu na utaona mwenyewe nani anakuja mlangoni kwako.

Hela. Hili usione aibu kuliongea, ada ya mtoto sio tamaa. Mume wako akienda kwa askofu asiende kujitetea tu, aende na barua. Aombe ruhusa ya maandishi kuhuisha leseni na kufanya kazi chache zinazolipwa, mikataba, viapo, kufundisha chuoni kama kipo karibu, kwa watu ambao sio washiriki wake, kwa siku maalumu, na mapato yajulikane. Kuna makanisa yanakubali na kuna yasiyokubali, jibu likiwa hapana basi mnajua mnaishi na nini na mnapanga duka lako kwa akili hiyo. Kinachowamaliza saivi ni kukaa katikati, mnapata uchovu wa uwakili bila mapato yake. Na wewe nenda naye kama utaruhusiwa, mke aliyebaki na duka na watoto miaka yote ya chuo ana haki ya kusikika pale.

Mama mkwe wako usimjibu wewe, ampigie mwanae. Uchungu wake naujua, ng'ombe ni ng'ombe. Lakini hata Martin Luther mwaka 1505 alikuwa ameanza kusoma sheria pale Erfurt kwa jasho la baba yake, akaiacha ndani ya miezi michache akaingia utawa, na mzee Hans alikasirika sana, mpaka kwenye misa ya kwanza ya mwanae miaka miwili baadaye bado alikuwa analisema. Hasira ya mzazi aliyesomesha haiishi kwa mahubiri. Itapungua siku atakapoona mwanae anatuma tena hata kidogo, na siku atakapokuja kukaa kwenu akaona kwa macho yake watu wanaosaidiwa na ile sheria aliyoilipia.

Mwisho umeuliza uende na mjane au ukae mbali. Nenda naye. Umeshasikia mambo yake jikoni bila kutaka, angalau sasa umshike mkono waziwazi. Ila mwambie mume wako kwanza, na usiende kama mjumbe wake, usibebe karatasi aliyoiandika yeye na usiongee na hakimu wala karani kwa niaba ya mtu. Wahini, maana msimamizi akishateuliwa inabidi kuomba uteuzi ufutwe, na hiyo ni ngumu kuliko kupinga mapema. Mjane abebe cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na kitambulisho, aulize namba ya shauri la mirathi na tarehe, aseme kwa mdomo wake kwamba anapinga na kwamba sahihi sio yake, na lile pingamizi la kwanza aseme ataleta lingine. Shemeji mkimkuta pale msalimie kama unavyomsalimia kanisani.